Betri ya Rukia

Jumamosi

Kwani anipe betri ya nini? Rukia ni nahodha wa timu ya roboti ya Mkomani, na sisi wa Siyu tulikuwa tukutane nao fainali. Aliona betri yetu inazimika ovyo, akaja akicheka: "Twaa hii, dadangu. Sisi tunayo nyengine."

Mpinzani akuchekee hivyo? Nikaitia mkobani, nikafunga zipu. Wenzangu sikuwaambia.

Roboti yetu, na magurudumu yake tuliyoyavisha ngozi ya makubadhi, ikazimika na mzigo katikati ya kichochoro cha mbao cha mashindano. Mkomani wakashinda. Nikajisemea, ningeitumia yao ingezimika mapema zaidi.

Nimeijaribu sasa hapa nyumbani. Roboti imezunguka ukumbi mzima bila kusita.

Na mimi gatini, tukingoja mashua ya kurudi, Rukia aliponiuliza mbona tulizimika, nilimwambia betri yake mbovu.

Akaniomba radhi.