Mkutano wa Walioacha Pombe

Wifi yangu mpenzi,

Sisi hatujambo, kitinda mimba ameota jino.

Kaka yako alikubali hatimaye. Tukautafuta mkutano wa walioacha pombe mpaka tukaupata, katika chumba kilicho juu ya duka la fundi cherehani. Mlangoni alisikia watu wakicheka, akaniachia mkono.

"Mama watoto, tangulia. Navuta pumzi kidogo."

Nikaingia. Mwenyekiti akaniuliza, "Karibu, dada. Pombe imekusumbua muda gani?"

"Mimi sinywi," nikamjibu, "ila imenisumbua tangu niolewe."

Nilipotoka, hakukuwa na mtu kwenye ngazi. Hajarudi nyumbani tangu siku hiyo.

Akifika kwako, wifi, usimgombeze. Mwambie wanakutana kila Jumamosi, na mimi bado naenda.

Ni mimi, mke wa kaka yako.