Usitie Sukari, Baba

Makoko, Musoma
Jumapili jioni

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Naomba uisome barua hii ukiwa umekaa, maana nakujua, ukiwa umesimama utasoma mistari miwili halafu utaitia mfukoni. Mgongo unaendeleaje? Mama kikohozi kimemwachia? Mimi ni mzima, na Baba mdogo na Mama mdogo nao wazima. Shule inaendelea vizuri, ila bado siwezi kunyoosha mkono darasani hata jibu nikiwa nalo. Nimeshajifunza kula furu, wale samaki wadogo wenye miiba mingi, na mwiba haujanikwama hata mara moja.

Sasa nikueleze habari ya mvinyo wako, kwa sababu najua ndiyo unayoingoja. Siku ile kwenye simu ulisema kwa sauti ya chini kwamba watu wa huku nao wakisema ni mchungu, mavuno yajayo utatia sukari kama majirani. Tangu siku hiyo sijatulia.

Chupa zako nne zilifika salama. Siku zilipofika nilikuwa shuleni, na Mama mdogo alifungua moja Alhamisi kwa ajili ya kaka yake, mjomba Wambura wa Bunda, aliyekuwa anakuja Jumapili. Hakufanya kwa ubaya, Baba. Kwao pombe ya ulezi huwekwa karibu na moto, mdomo wazi, iamke. Aliona mvinyo wako hauna povu, akadhani umelala. Akautikisa, akaufunika kitambaa, akauweka kando ya jiko la mkaa. Unaweza kujua mwenyewe, kufikia Jumapili ulikuwa siki.

Mjomba Wambura alionja, akafumba jicho moja.

"Shemeji," akamwambia Baba mdogo, "hii mngeniambia mapema ningekuja na nyanya na vitunguu tukatengeneza kachumbari."

Watu walicheka sana. Akainua glasi kwenye mwanga: "Na machicha juu! Huko Dodoma hawanaga chujio?"

Mimi nilikuwa nimeshika sinia la ugali. Nilijua kabisa kilichotokea, lakini kati ya wakubwa wale wote sikuwa na sauti. Nilienda nje kuosha vyombo ambavyo vilikuwa safi.

Wiki iliyofuata Babu Magesa, baba yake Mama mdogo, akapata nafuu baada ya kuumwa muda mrefu, na watoto wake wakapanga kukutana kwake Butiama kushukuru. Baba mdogo akasema safari hii hataki aibu, atanunua mvinyo wa dukani. Akaniambia twende wote mjini, mimi mtoto wa zabibu nimsaidie kuchagua.

Mama mwenye duka alituwekea chupa tatu nzuri zinazong'aa. Nilizigeuza nikasoma nyuma. Ya kwanza ilikuwa maji, sukari, rangi na ladha ya zabibu. Ya pili hivyohivyo. Ya tatu ilikuwa ya zabibu kweli, lakini imeongezwa utamu. Nikamwambia Baba mdogo polepole kwamba hizi hazikosi ladha, ila zimetengenezwa ili kila chupa ifanane na mwenzake. Ule wa asili ni zabibu na maganda yake tu, na hamira yake inatoka kwenye maganda hayohayo, kwa hiyo haufanani. Una ukungu kidogo na mashapo chini, na unaweza kuharibika kama maziwa yanavyoharibika. Ndiyo maana kuuchagua ni lazima uitazame kila chupa yenyewe.

Mama mwenye duka akaniangalia. "We mtoto, unanywaga?"

"Hapana, mama. Nanusaga tu."

"Haya! Mzee, umeniletea mnusaji dukani!"

Nilitaka ardhi inimeze. Lakini Baba mdogo hakununua. Tulipofika barabarani akaniuliza, "Zile tatu za kaka zilizobaki, unaweza kujua nzima ni ipi?" Nikasema nitajaribu.

Nilikuwa nimezihifadhi kwenye mchanga mbichi kivulini, nyuma ya pipa la maji, kama unavyofanya wewe. Ya kwanza kizibo kilikuwa kimepanda na pembeni kimelowa. Nilipokivuta ikafoka, bado ilikuwa inachacha. Ya pili nilipoifungua ilinuka kama rangi ya kucha, nikajua hewa ilishaingia. Ya tatu ilikuwa imetulia. Mashapo yalikuwa chini na juu yake pameng'aa wekundu wa kiza. Nilikilegeza kizibo kidogo tu, nikanusa, nikakirudisha haraka. Ilinuka zambarau zilizoiva sana, na nyuma yake udongo wa shamba letu mvua ya kwanza ikigusa. Nilikaa pale mchangani kidogo, Baba. Nilikumbuka nyumbani.

Kwa hiyo ilibaki moja tu. Njia nzima hadi Butiama niliishika wima mapajani.

Kwa Babu Magesa pombe ya ulezi ilikuwa chunguni, wazee wamekizunguka na mirija yao mirefu, na mtu anaongeza maji ya moto kila inapopungua. Mjomba Wambura alipoiona chupa akacheka. "Kachumbari imefika!" Akaichukua mkononi mwangu, akashika na birika la maji ya moto. "Tuichangamshe kwanza, isimuue mzee."

"Mjomba, usiweke maji ya moto!"

Sauti ilinitoka kubwa kuliko nilivyotaka. Nikasema tena chinichini, "Tafadhali, mjomba. Utaiharibu. Na usiitikise."

Babu Magesa akatoa mrija mdomoni. "Wambura, ng'ombe si wako, mpishe mwenyewe akamue."

Nikamimina mimi. Nilimimina taratibu, mashapo yakabaki chini. Babu akanywa. Akakunja uso.

"Kali," akasema.

Akaramba midomo, akamega ugali, akachovya kwenye mchuzi wa nyama, akala, akanywa tena. Safari hii uso haukukunjika.

"Kali kama maziwa ya kibuyu. Hainywewi peke yake hii, inataka nyama. Ina nini ndani?"

"Zabibu tu, babu."

"Na nini tena?"

"Hakuna tena. Baba anazikanyaga kwa miguu, halafu anaziacha."

"Kwa miguu!" Babu akaitazama glasi. "Alinawa kwanza?"

Walicheka mpaka jogoo akakimbia. Nami nilicheka, Baba, nikaapa kwamba unanawaga kwa sabuni.

Sitakudanganya. Mama mdogo hakuupenda, na mjomba Wambura alirudi kwenye mrija wake akisema pombe ni ya kutafuna. Lakini Babu aliimaliza glasi, akaniomba na mashapo, eti machicha ni ya mwenye nyumba.

Asubuhi tulipokuwa tunaaga alinipa chupa yako, imeoshwa na kujazwa punje za ulezi. Huku chombo cha mtu hakirudi kitupu. Inakuja na barua hii, usiifungue karibu na kuku.

Nisalimie Mama na kaka yangu mkubwa huko kiwandani. Nisalimie bibi, mwambie kitenge alichonipa navaa kanisani. Msalimie na jirani yetu wa shamba la chini, hata kama anatia sukari.

Neno la mwisho si langu, ni la Babu Magesa. Alikipiga kizibo kwa kiganja akasema, "Mwambie baba yako, ulezi ukiisha anajua cha kujaza. Sukari asitie. Meno yamenibakia machache, nayahitaji kwa nyama."

Mwanao akupendaye,
Debora