Mita Zinapungua, Mashavu Inajaa

Siku ya posho, 1/3
Mita 3240. Mimi wa kwanza, kama kila Jumamosi. Tonton Médard, mwalimu wetu wa mbio, anapiga filimbi, tunazunguka uwanja dakika kumi na mbili, anahesabu tairi tulizopita, zile alizozipanda pembeni kupima mita, anaandika. Anasema mapafu inapimwa hivyo, bila mashine. Trésor wa pili, 3190, anatema mate kama muzee. Tarehe 22 Tonton anachagua mutu moja wa kwenda mbio za Kinshasa. Lazima apite 3300. Huyo mutu ndiye anaandika hapa.

Siku ya tatu, 5/3
Nimemukamata Trésor anameza kidonge nyuma ya choo. Ah bon! Anasema ni fer, dawa ya kuongeza damu. Walimupima damu kwenye centre de santé, wakakuta iko kidogo, wakamupa.
"Twende na wewe wakupime, ndugu."
Nilicheka mpaka machozi. Damu yangu iko nzito kama mafuta ya mawese. Wapime wagonjwa. Lakini kama yeye anameza, na mimi nitameza. Ya kwangu itakuwa kali kuliko ya kwake.

Siku ya nne, 6/3
Nimeacha toleka, baiskeli yangu ya kubeba watu, pembeni ya soko, nikamuita muuza dawa anayetembeza ndoo. Vitamine ya nguvu, nikasema, ya mwanaume, si ya watoto. Akanimwagia vidonge ndani ya karatasi ya daftari.
"Hii, petit, wiki moja tu, hata mama yako atauliza huyu ni nani."
Moja asubuhi, moja mangaribi, akasema. Mimi nameza mbili mbili. Champion hamezi kama raia.

Siku ya Mungu, 9/3
Njaa! Lituma ya ndizi sahani tatu, halafu nikamaliza ya Maman. Mashavu imejaa. Kutoka misa, jirani zote: "Eh, papa, umenona! Maisha inakupenda!" Nilitembea polepole ili wanione vizuri. Jana mita 3200. Matope ilikuwa mingi. Matope tu.

Siku ya pili, 11/3
Nimelala juu ya toleka mbele ya banki, kule Makiso katikati ya mji. Saa ine ya asubuhi! Client akanigonga begani: "Chauffeur, tunaenda ama tunalala?" Nikamujibu nilikuwa naomba Mungu amulinde njiani. Akachukua toleka ingine.

Siku ya posho, 15/3
3130. Trésor 3260.
Tonton aliniangalia kutoka kichwa mpaka miguu. "Unakula nini, weye? Unakimbia kama mutu anabeba gunia ya mihogo." Nikajifanya nafunga kiatu. Siri ya kazi. Nimeongeza, sasa tatu tatu.

Siku ya tano, 21/3
Niko na woga. Kaptula ya mbio haifungi. Asubuhi Maman alimwaga maji juu yangu ndiyo nikaamuka. Kesho.

Siku ya posho, 22/3
2980.
Dakika ya saba miguu ilikuwa ya mutu mwingine. Hata katoto kalikoanza mbio mwaka jana kalinipita. Trésor 3320. Hakuruka, hakupiga kelele. Alikuja kuniinua kwenye majani.
Yeye ndiye alinipeleka centre de santé. Nilitoa karatasi yangu. Infirmière akaangalia vidonge, akaniangalia, akafunga mudomo ili asicheke. Si vitamine. Ni ile mabinti wanameza wakitaka kunona kabla ya ndoa. Inaleta njaa na usingizi. Akaniambia niache leo leo, mutu anaweza kulala barabarani gari ikamupitia.
Alinitoboa kidole, akapima damu. Iko muzuri, akasema. Haikukosa kitu.
Haikukosa kitu.
Ningeenda siku ile Trésor aliponiita, ningejua. Nilikuwa na mita 3240 na damu muzuri, nikazikula mwenyewe na lituma.

Siku ya posho, 29/3
Nimebeba valise ya Trésor na toleka mpaka port. Tonton anakwenda naye. Njia yote nilitafuta neno ya kumuchokoza, sikupata. Nilitaka yeye anicheke. Hakunicheka. Alinipa mukono, akapanda bateau ya Kinshasa.
Nilirudi kwa njia ya uwanja. Hakuna filimbi. Nilikaa kidogo juu ya tairi moja, nikaangalia majani.
Sijui leo ningefika mita ngapi.