Picha ya Watu wa Miavuli

Hamdiya shoga, jana alasiri Tasnim mjukuu wangu kanionyesha simuni alichofanya mamake. Mpaka sasa siamini!

Jumapili walinipeleka Houston kutazama picha za kuchora. Nikaketi mbele ya moja: barabara ya mjini, mvua, watu tele na miavuli, hakuna anayemtazama mwenzake. Nikasema moyoni, hii ni nyumba yetu hapa Stafford.

Kumbe mkamwana wangu Zuhura akanipiga picha kwa nyuma! Akaitia kwenye grupu la wanawake wa msikitini: "Bibi anatafuta marafiki." Na vicheko. Marafiki, Hamdiya! Ananicheka mimi!

Sikugomba. Nikatuma sauti grupu hilohilo: "Kweli natafuta. Njooni nyote kesho saa tatu asubuhi."

Wakaja kumi na saba! Zuhura katoka zamu ya usiku hospitalini, hata viatu hajavua.

"Mama, mimi saa hizi nalala!"

"Pika chai kwanza, mwanangu. Marafiki zangu hawa."

Kamimina chai mpaka adhuhuri. Wameondoka sasa hivi. Yeye kalala kitini na sare yake, anatetemeka kwa baridi ya eisi. Shuka ninayo mkononi. Sijamfunika.