Kabichi Nilizoziosha kwa Ajili ya Kina

Jumapili, Bura. Ukungu ulituachia mlima saa nne hivi, na mpaka jioni hii bado nacheka peke yangu.

Naungama: leo kanisani sikusikiliza mahubiri. Nilikuwa nahesabu mizani. Shairi langu la kabichi lilikwama ubeti wa tatu, basi nikaficha mkono chini ya kitabu cha nyimbo, kidole kimoja kwa kila silabi, midomo ikienda. Nane, kisha nane tena.

Mama Mghoi, mwenyekiti wa jumuiya yetu, alikuwa ameketi karibu. Baada ya misa akanishika bega. "Wakio, nimekuona ukisali Rozari kwa vidole. Wenzako wanachezea simu. Leo jumuiya iko kwangu, utatuongoza."

Nikasema sawa, mama. Mimi husema sawa kwa kila kitu.

Januari nilijiandikia malengo nyuma ya daftari la kemia: shairi moja kila wiki, diwani moja kila muhula, niwe mshairi kabla sijamaliza shule. Nimejitahidi. Lakini hakuna mtu aliyewahi kusikia hata ubeti mmoja. Lengo la kumsomea mtu sikuliandika, kwa makusudi. Je, wakisikia waseme mimi si mshairi, nitabaki na nini?

Kwa Mama Mghoi tulikuwa tisa. Nikaanza fumbo la kwanza, na kwa mazoea yangu ya mizani Salamu Maria zikaishia ya nane badala ya kumi.

"Kwani Rozari yako imekatika?" akauliza Mama Wawuda, jirani yetu.

Nikarudia. Zikaishia nane tena.

Ikabidi niseme ukweli. Walicheka mpaka chai ikamwagika. Tulipomaliza kusali, safari hii Mama Mghoi akihesabu mwenyewe, akaniambia, "Haya, tusomee hicho kilichokuzuia kusali."

Nikatoa daftari langu la mashairi, nikasoma bila kuinua macho. Nilipofika kwenye mstari huu, "Mama kazitoa shamba, moja moja kaziosha," akanikatiza.

"Nani anaosha kabichi? Zikiingia guniani na maji, zitafika Voi zimeoza."

"Huyu mtoto ametutia hasara," akasema Mama Wawuda.

Nilikuwa nataka kina cha -sha. Ni hilo tu. Nimekulia katikati ya kabichi, na bado niliziosha kwa sababu ya kina.

Nikafunga daftari. Nilijua ndiyo basi.

"Mbona unafunga?" akasema Mama Mghoi. "Pale kwa shingo inayouma kuteremka na mzigo, rudia. Pale umenipata."

Nikarudia. Mama Wawuda akajishika shingo, hakucheka. Akaniomba nirudie mara ya tatu.

Sijui kueleza nilivyojisikia. Kama mtu aliyekuwa anaongea na ukuta, ukuta ukaitika.

Kwa hiyo nimefungua lile daftari la kemia na kuongeza malengo mawili. La kwanza, kila shairi lisikilizwe na mtu kabla ya kuandika lingine. La pili, nisiandike kazi ya mtu kabla sijaifanya naye. Nimejua pia ninawaandikia nani. Wale tisa, kwa kuanzia.

Sasa natafuta vina vipya, maana majani ya nje huachwa ili yazikinge guniani: "Mama kazitoa shamba, na majani kayaacha." Bado mistari mitatu.

Jumamosi saa kumi na mbili asubuhi niko shambani kwa Mama Mghoi. Amesema nivae viatu vya mpira, na daftari nilipeleke tukishamaliza kupakia.