Kubonyezwa Hakufunguzi Saumu

Mama,

Salamu zangu zikufikie ulipolala. Barua hii nimeianza mara tatu nikaichana, maana kila nikianza najikuta naandika habari za mtu mwingine, na habari yenyewe ni yangu.

Nataka kukueleza ya Bi Mwanahawa. Shoga yako, nyumba ya tatu kutoka kwetu hapa Usagara, aliyefanya usafi miaka mingi Dar es Salaam kwenye kliniki ya daktari wa Kichina, akarudi Tanga na ujuzi wa kubonyeza. Ulipopimwa presha ukaambiwa iko juu, alikuja siku ya pili yake tu, hakuitwa. Akakukalisha mkekani pale barazani, akaminya ule mwanya kati ya kidole gumba na cha shahada, akapanda kwenye mkunjo wa kiwiko, kisha akashuka mguuni, kati ya kidole kikubwa na jirani yake. Ukapiga kelele, "Yalaa, Mwanahawa, utanivunja!" Naye, "Nyamaza wee, hata watoto wa Kichina hawalii." Mkacheka mpaka chai ikapoa.

Mimi sikucheka. Nilimshuku tangu siku ile. Nilikuwa nachungulia dirishani nione kama anasoma kitu mdomoni wakati anabonyeza. Nilinusa chupa yake ya mafuta, yakawa ya nazi tu, nikashuku kwa nini yawe ya nazi tu. Hakutaka malipo, nikasema mtu asiyetaka kitu ana jambo. Akishaondoka nilikuuliza, "Kakwambia nini leo?" Nawe ukinijibu, "Kaniambia binti yangu angeajiriwa polisi."

Kweli, ulikuwa ukilala vizuri baada ya mikono yake. Nililiona hilo, sikukwambia.

Ikaingia Ramadhani. Nesi alikueleza nami nikiwepo: kidonge cha asubuhi umeze wakati wa daku, cha jioni baada ya kufuturu, na ukijisikia vibaya usifunge. Lakini kile cha asubuhi ulikilalamikia. Ulisema kinakupeleka chooni kila saa, na adhuhuri haijafika koo limekauka. Siku moja tuko wawili jikoni, wewe unakuna nazi, mimi nachambua mchicha, ukaniuliza, "Hivi, kubonyezwa kunafunguza?"

Nikakujibu bila kuinua macho: "Kubonyezwa si kula, Mama, hakufunguzi. Si ndiyo dawa yako siku hizi? Bonyezwa basi mpaka Idi."

Ukasema, "Alhamdulillahi," ukaendelea kukuna.

Idi ikapita. Ukafunga sita za Mfungo Mosi, ukaunganisha na Jumatatu na Alhamisi. Mfungo Tatu, baada ya alasiri, ukaanguka bafuni, na upande mmoja wa mwili haukukutii tena. Siku nne hospitali. Nilikushika mkono ule ule aliokuwa akiuminya Bi Mwanahawa, nikawa nautazama kama mkono ulioibiwa kitu.

Matangani nilisema. Sikupiga kelele, unanijua. Nilisema polepole, kwa mmoja mmoja: "Mama alikuwa akibonyezwa mishipa." Basi. Yaliyobaki waliyamalizia wenyewe. Hata arobaini haijafika, Bi Mwanahawa akipita uchochoroni watu wananyamaza. Waliokuwa wakimwita awakande migongo wakaacha kumwita. Mimi nilimnyima hata shikamoo, mimi uliyenifunza kumwamkia hata mwendawazimu.

Baada ya arobaini, Mama mdogo Salma alikuja kutoka Mwera tugawe nguo zako. Ndani ya kasha, chini ya doti za kanga ulizokuwa hujazikata, tukakuta vidonge. Vya jioni vilikuwa vinakaribia kwisha. Vya asubuhi vilikuwa karatasi nzima nzima, tangu Ramadhani. Mama mdogo akakaa kitandani. Mimi, Mungu anisamehe, nilifurahi. Nilijua nimempata.

Nikaenda navyo kwa Bi Mwanahawa, nikavimwaga mkekani mbele yake. Nikamwambia, "Wewe ndiye uliyemwachisha dawa."

Alivikusanya kimoja kimoja. Akasema, "Kila nikija nilimuuliza, shoga, umemeza? Akaniambia cha jioni kameza, cha asubuhi kakipumzisha. Nikamwambia usifanye hivyo, mkono si kidonge. Akanijibu, mwanangu kasema hakufunguzi, nibonyezwe mpaka Idi. Nikadhani umemuulizia kwa nesi, Tatu. Idi ilipopita nikamuuliza tena, akaniapia kwamba anameza."

Nilitaka kumwita mwongo. Neno lilikuwa mdomoni tayari. Lakini "mpaka Idi" nililisema jikoni, tuko wawili. Hakuwa na pa kulipata ila kwako.

Na ilikuwa kejeli, Mama. Nilikuwa nakukejeli wewe na yeye. Kumbe mimi niliyeishia kidato cha pili, kwako nilikuwa msomi wa nyumba, na nililosema ukalishika.

Labda ungeanguka hata kama ungemeza. Nesi nilipomuuliza hakunipa jibu la moja kwa moja. Alisema kubonyeza kunaweza kumtuliza mtu, lakini hakuchukui nafasi ya dawa. Nami mpaka leo sijui kama vidole vile vilishusha presha au vilishusha mawazo tu. Hata wewe nakushuku, unisamehe. Kama uliona ni sawa, kwa nini ulivificha chini ya kanga?

Mama mdogo naye kapimwa, iko juu. Nimemwambia Ramadhani ijayo twende kwanza kliniki pamoja, tuulize kama afunge au asifunge, na jibu litoke kwa mwenye kujua. Akitaka kubonyezwa, abonyezwe, kidonge kikiwa kimeshapita kooni.

Bi Mwanahawa nilimwomba radhi. Hakunipa. Alisema, "Uliyasema kwa mmoja mmoja. Nenda kayafute kwa mmoja mmoja, ndipo urudi."

Nimekaa nikawakumbuka, wako kumi na tisa. Leo nimekwenda kwa wawili. Wa kwanza aliniambia, "Mbona sisi tulijua tu hana kosa," nami nikajiuliza, kama walijua, mbona walimfungia mlango. Wa pili hakuniamini. Kaniangalia machoni akasema, "Sema kweli, mwanangu, yule mama kakutisha?" Nikamweleza upya tangu jikoni mpaka kashani, akatikisa kichwa. Anamshuku kama nilivyomshuku mimi, na mbegu ile niliipanda mimi.

Nakuahidi nitarudi kwa huyo wa pili kesho, na keshokutwa, mpaka aniamini, kisha niende kwa wale kumi na saba waliobaki. Mungu akupanulie kaburi lako, Mama, lisikubane. Kwaheri. Ijumaa hii usiningoje makaburini, nitakuwa nagonga milango ya watu.

Mwanao,
Tatu