Ratiba ya Vitone

Jumatatu, 3 Machi
Mkuu wa shule kaniita. Muhula ujao somo langu, hisabati tenganifu, linafutwa. Wanafunzi kumi na mmoja tu, na hata hao wanaliita "hesabu za vitone". Na mimi je? Kasema tutaona. Tutaona! Nilijisomesha kwa kushona sare za watoto wa wenzangu, leo naambiwa tutaona.

Nikamwekea dau: darasa langu lipange ratiba ya mitihani. Ile ya mwalimu wa taaluma hula asubuhi tisa, na bado mtoto hujikuta ana mitihani miwili kwa wakati mmoja. Tukiipunguza, somo libaki. Kakubali — huku anacheka.

Jumatano, 5 Machi
Ubao umejaa. Kila somo kitone. Masomo mawili yakiwa na mwanafunzi mmoja, mstari katikati. Vilivyoungana visipate rangi moja. Rangi moja, asubuhi moja. Kifutio — binti anayefuta zaidi kuliko anavyoandika — kasema, "Mwalimu, kumbe hivi vitu vina kazi!" Mwaka mzima nakausha koo, leo ndiyo kumbe.

Ijumaa, 7 Machi
Siku sita! Hakuna mgongano hata mmoja. Mkuu kaibandika getini, kawatangazia wazazi. Baba watoto anasema natembea kama nina viatu vipya.

Jumatatu, 10 Machi
Kifutio kaja mezani kwangu, hataki kukaa. "Mwalimu, usikasirike. Mtihani wetu uko siku gani?"

Nikatazama. Fizikia ipo. Ushonaji upo. Sisi hatupo! Tulichora vitone vya shule nzima, chetu hatukukichora. Chaki tulikuwa nayo sisi wenyewe.

Nimejaribu kukichomeka. Kila siku mmoja wetu ana mtihani mwingine. Hamisha hiki, rudisha kile — wapi! Inatakiwa siku ya saba.

Nikaenda kwa Mkuu. Kacheka hadi kavua miwani. "Mwalimu, somo limejisahau lenyewe, mimi nilikumbuke kwa lipi?" Siku ya saba hataki: wazazi wameambiwa sita, maji yakimwagika hayazoleki. Ila ratiba nzuri, itatumika kila mwaka. Kanisukumia nakala rasmi, niweke saini pale chini: *Imeandaliwa na*.

Simu imemtoa nje, naandika hapahapa kwenye meza yake. Dirishani wamejipanga wote kumi na mmoja. Kifutio ananyoosha vidole saba. Kalamu ya Mkuu iko juu ya karatasi, haina kifuniko; chini ya siku ya sita pana nafasi ya mstari mmoja. Namsikia anaaga kwenye simu —